Mbele Rubani, Nyuma Mizigo

Speyer, Ujerumani

Antonov An-22 ya jumba hili la makumbusho imeinuliwa juu ya nguzo za chuma, nawe unapanda ngazi mpaka unaingia tumboni mwake. Nilikuja na hamu ya kuona viti vya marubani. Nikakutana na ukumbi: urefu wa mita 33, upana na kimo vyote zaidi ya mita 4. Watoto wa Kijerumani walikuwa wakikimbizana humo toka mwanzo hadi mwisho bila kumsumbua mtu. Ndege hii iliruka kwa mara ya kwanza Februari 1965, iliundwa kubeba tani 80, na mpaka leo hakuna ndege ya tabopropu iliyoizidi ukubwa. Kila injini kati ya zile nne ina pangaboi mbili, moja nyuma ya nyingine, zinazozunguka kinyume.

Nasafiri na laptopu na jostiki ya plastiki niliyoiviringisha ndani ya shati. Mchana naziangalia ndege za mizigo za kijeshi zilizostaafu. Usiku, hotelini, naendesha ndugu zao kwenye simuleta. Aliyeniambukiza maradhi haya ni mpwa wangu wa Kisauni, mwenye kompyuta yenye nguvu kuliko yangu mara kadhaa, na kazi yake sasa ni kunikosoa kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Nilipomtumia picha za tumbo la Antonov, jibu lilikuja kabla sijashuka ngazi: "Mjomba, hiyo ni stoo. Nitumie dashibodi."

Simuleta nazo zinafikiri kama yeye. Fungua ndege yoyote kubwa ya mizigo katika programu hizi, utakuta kila swichi ya chumba cha marubani imechongwa kwa uangalifu, taa zinawaka, hata mikwaruzo ya rangi kwenye vishikio vya injini imo. Geuka nyuma, upite mlango. Mara nyingi unakuta ukuta mtupu, au ukumbi usio na kitu wala mtu, rangi moja ya kijivu hadi mwisho.

Hali hii ina asili ya zamani. Edwin Link, aliyeunda simuleta ya kwanza iliyopata soko, alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha vinanda huko Binghamton, jimbo la New York. Mwaka 1929 alichukua mivukuto ya vinanda vya baba yake akaitumia kuyumbisha kisanduku chenye mabawa mafupi na kiti kimoja. Wengi walikiona ni mchezo wa maonyesho tu. Kisha mwaka 1934 jeshi la Marekani likakabidhiwa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, marubani wake wakaanza kufa katika mawingu na theluji, na ndipo likanunua visanduku 6. Tatizo lililotakiwa kutatuliwa lilikuwa la mtu mmoja aliyekaa mbele na kushindwa kuona. Nyuma hapakuwa na swali.

Cosford, Uingereza

Kwenye makumbusho ya hapa kuna ndege mbili za mizigo: Hercules nje, kwenye mvua, na Belfast ndani ya banda. Zilijengwa Belfast 10 tu, na hii ndiyo pekee iliyohifadhiwa. Ni kubwa, nzito kwa sura, na nilipita haraka. Hercules nikakaa nayo.

Jeshi la anga la Uingereza lilitumia Hercules tangu 1967 na kuziaga Juni 2023. Siku hizi kazi yake inafanywa na A400M za Airbus na C-17 za Boeing. Kwa Mwafrika Mashariki wa umri wangu, Hercules haihitaji kutambulishwa. Nilikuwa mwanafunzi Changamwe mwaka 1992, Wamarekani walipoanza Agosti ile kupeleka chakula Somalia na kaskazini mwa Kenya kutoka uwanja wa Moi, Mombasa. Mwalimu wa hesabu alikuwa akinyamaza katikati ya sentensi mpaka ndege ipite, halafu anaendelea palepale alipoachia. Wajerumani nao walikuja na Transall zao zenye injini mbili, na sisi wa dawati la nyuma tulijivunia kuzitofautisha kwa mlio bila kuangalia dirishani.

Chini ya mkia wa Hercules ya Cosford nilisimama muda mrefu. Mlango wa nyuma una sehemu mbili: ya juu inakunjikia ndani, ya chini inashuka na kuwa daraja. Sakafu ya tumbo iko mita moja hivi kutoka ardhini, sawa na kitanda cha lori, na hilo lilikusudiwa tangu michoro ya kwanza ya miaka ya 1950. Lori likirudi nyuma, magunia yanasukumwa tu. Mabawa yamepandishwa juu ya mgongo ili yasile nafasi ya tumbo. Magurudumu yamewekwa ndani ya vivimbe pembeni kwa sababu hiyohiyo. Ukiitazama hivyo unaelewa kwamba waliochora ndege hii walianza na shehena, kisha wakatafuta mahali pa kumweka rubani.

Usiku nikaiendesha. Kitu cha kwanza kinachomshangaza aliyezoea ndege za abiria za jeti ni wepesi wa injini kuitikia. Injini ya jeti, ukiisukuma kutoka nguvu ndogo, inavuta pumzi kwanza. Zinapita sekunde kadhaa ndipo nguvu ije, na ukiwa chini unatua, sekunde hizo ni ndefu. Injini za Allison za Hercules za zamani huzunguka kwa mwendo uleule wakati wote angani, na pangaboi zake karibu mara 1,020 kwa dakika, iwe unapanda au unashuka. Unaposukuma kishikio, kinachobadilika ni mafuta na mlalo wa makasia ya pangaboi. Nguvu inakuja papo hapo. Zaidi ya hayo, upepo wa pangaboi unapiga bawa lenyewe, kwa hiyo ukiongeza nguvu ndege inainuka hata kabla haijaongeza mwendo. Simuleta nzuri inakuonyesha hilo. Ile inayoikokotoa ndege kwa kuigawa vipande vidogo vya bawa na pangaboi, kama X-Plane, hulionyesha vizuri kuliko zile zinazosoma jibu kwenye jedwali.

Halafu zima injini ya kwanza, ya nje kushoto, mara tu magurudumu yanapoacha ardhi. Pangaboi zote nne za Hercules zinazunguka upande mmoja, hivyo mvuto wao haulingani kushoto na kulia, na kupoteza ile ya kushoto kabisa ndiko kubaya zaidi. Ndege inageuza uso kuelekea injini iliyokufa, bawa linalala, na pedali ya kulia inataka uzito wa mguu wako wote. Wahandisi wa A400M waliliona hili wakalitibu kwa namna ya ajabu: katika kila bawa, pangaboi mbili zinazunguka kinyume, zikikutana kwa kushuka katikati. Kwenye skrini, A400M ikipoteza injini ya nje inasikitika tu. Hercules inakasirika.

Jostiki yangu, lakini, ni uongo kwa Hercules. Ndege halisi ina usukani wa kushikwa kwa mikono miwili. Mpwa wangu ameununua, tena mzito. Mimi nashika kijiti cha plastiki chenye vitufe vyekundu na kujifanya sioni.

Tampa, kwenye skrini

Kwa C-17 kijiti kile kinageuka kuwa haki. Hii ni ndege ambayo ikijazwa inaondoka ardhini na tani 265, karibu Hercules nne kwa pamoja, na bado rubani wake anaiongoza kwa fimbo kama ya ndege ya kivita, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine kwenye vishikio vya injini. Iliruka mara ya kwanza Septemba 1991, ikaanza kazi rasmi Charleston mwaka 1995, na zilijengwa 279 mpaka kiwanda cha Long Beach kilipofunga kazi hiyo mwaka 2015.

Wapenzi wa simuleta wana mtihani wao kwa C-17, nao umetoka katika tukio la kweli. Tarehe 20 Julai 2012 C-17 iliyokuwa ikielekea kambi ya MacDill, Tampa, ilitua mchana kweupe katika uwanja mdogo wa ndege za kiraia, Peter O. Knight, kilomita chache kutoka kambini. Njia za viwanja hivyo viwili zimeelekea upande mmoja. Ya kambi ina zaidi ya kilomita 3. Ya uwanja mdogo, mita 1,090 hivi. Ndege ikasimama salama, na jioni ileile, baada ya kupunguziwa uzito, ikaondoka palepale ilipoingilia.

Hapa ndipo nililinganisha programu kwa makini zaidi. C-17 inaweza kutua pafupi hivyo kwa sababu moshi wa injini zake unapigwa moja kwa moja juu ya flapu kubwa, nazo zinaupinda kuelekea chini. Injini zinabeba sehemu ya uzito wa ndege. Matokeo yake ni kwamba mazoea yako yote yanapinduka: ukiona unashuka mno, huvuti fimbo, unaongeza nguvu, fimbo unaitumia kulinda mwendo. Unateremka kwa pembe kali, chini ya kilomita 250 kwa saa, na katika kutua kwa kivita huiinui pua kwa madaha mwishoni. Unaipiga chini. Magurudumu 14 yalitengenezwa kwa kipigo hicho.

Katika modeli za bei rahisi nilizojaribu, hakuna upepo wa injini kwenye flapu. Mtengenezaji ameipa ndege flapu zenye ukinzani mkubwa kupita kiasi, akamaliza. Ukiongeza nguvu inaongeza mwendo, basi. Unaweza kutua Peter O. Knight nayo, lakini umetua na ndege nyingine iliyovaa nguo za C-17. Modeli iliyofanyiwa kazi unaitambua ndani ya dakika moja: sukuma vishikio ukiwa na flapu zote nje, halafu tazama ile alama ya kijani ya uelekeo kwenye kioo cha mbele ya macho. Ikipanda wakati mwendo haujabadilika, mtu aliyeunda ndege hii alijua anachofanya.

Mpwa wangu ametua Peter O. Knight kwenye mvua, usiku, na injini moja imezimwa. Nikamuuliza alikuwa amebeba nini. "Kubeba?" Ndege yake ilikuwa tupu.

Ubao wa mizigo

Basi nikamwomba tufungue ule ukurasa ambao yeye huuruka kila mara. Katika simuleta nyingi mzigo ni ubao wenye mistari michache ya kuvuta: mafuta hapa, shehena pale, na kidoti kinachoonyesha kitovu cha uzito kikitembea kati ya mipaka miwili. Unavuta mstari, tani 60 zinaingia. Hakuna jasho.

Katika ndege halisi shehena hupangwa juu ya paleti za alumini zenye vipimo vya mita 2.24 kwa 2.74, kila moja ikibeba mpaka kilo 4,500 hivi, zikisukumwa kwenye magurudumu madogo ya sakafuni na kufungwa kwa kufuli za pembeni. Hercules ya kawaida inachukua paleti 6. C-17 inachukua 18. Mtu anayezipanga ndiye mkuu wa mizigo, na C-17 nzima, pamoja na ukubwa wake, inaruka na watu watatu tu: marubani wawili na yeye. Yeye ndiye anayekokotoa kitovu cha uzito, anayehesabu minyororo, anayekataa. Kukataa kwake kuna maana. Tarehe 29 Aprili 2013 ndege ya mizigo ya kiraia aina ya Boeing 747 iliondoka Bagram, Afghanistan, na magari matano ya kivita tumboni. Gari lililokuwa nyuma likang'oka kwenye mikanda, likaharibu mitambo ya mkiani, na watu wote 7 wakafa. Marubani hawakuwa na la kufanya pale mbele.

Majeshi yanalijua hili. Kwa marubani yana simuleta zile kubwa zinazosimama juu ya miguu sita, zinazoinamisha chumba kizima nyuma taratibu ili sikio la ndani lidhani ndege inakimbia. Lakini kwa wakuu wa mizigo huchukua pia ndege ya kweli iliyostaafu, yakalifanya tumbo lake darasa, wanafunzi wakapakia na kupakua mpaka mikono ielewe. Wauzaji wa programu za nyumbani hawajaiga sehemu hiyo. Nadhani wanaogopa haitauzika, na kwa kumsikiliza mpwa wangu, huenda wako sahihi.

Agosti 2021, C-17 moja ilitoka Kabul na watu 823, wameketi sakafuni bega kwa bega. Ile picha iliyoenea duniani ilipigwa ndani ya tumbo. Nani alikuwa kwenye fimbo? Wachache wanakumbuka.

Entebbe, kwenye skrini

Hii ndiyo safari ambayo kila mwenye Hercules kwenye kompyuta huifanya siku moja. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 Hercules nne za Israeli, zilizotokea Sharm el-Sheikh, zilitua Entebbe kuwachukua mateka wa ndege ya Air France. Njia yake ni takriban kilomita 4,000, na mwanzo wake ni chini kabisa juu ya Bahari ya Shamu ili kukwepa rada.

Kama zoezi la urubani, bahari ile inachosha na inafundisha. Saa nyingi za giza, ndege nzito kwa mafuta, na kila kosa dogo la mwinuko unaliona papo hapo kwa sababu chini hakuna nafasi. Kuvuka nyanda za juu kuelekea Ziwa Viktoria ni afueni, na taa za Entebbe zikionekana unatamani kulala.

Ila kilichoamua usiku ule kilikuwa ndani ya ndege ya kwanza: Mercedes nyeusi na Land Rover mbili, zilizopangwa ili mlango wa nyuma ukifunguka ziteremke mara moja, askari wa Uganda wadhani ni msafara wa Idi Amin. Mwendo wa gari kutoka tumboni hadi jengo la zamani la abiria ndio uliokuwa mpango wenyewe. Kilomita zile zote zilikuwa maandalizi tu. Simuleta inakufikisha hadi kwenye lami, inakuandikia kwamba safari imekamilika, inakupa nyota. Wala haifiki Nairobi, ambako ndege zile zilijaza mafuta zikirudi, wala haiwafikii Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda, ambao Amin aliwalipizia kisasi.

Lokichoggio, mara mbili

Mara ya kwanza nilifika Loki kama mwandishi wa habari, zama za operesheni ya chakula ya Umoja wa Mataifa kwa kusini mwa Sudan, iliyoanza 1989. Mji wa Turkana wenye vumbi, karibu na mpaka, ukawa na uwanja usiolala. Hercules ziliondoka alfajiri na mapema, zikaenda kumwaga magunia kutoka angani mahali ambapo hata barabara ya punda haikuwepo, zikarudi kupakia tena.

Niliwatazama vijana wa Kiturkana wakipakia. Gunia ndani ya gunia, la pili likiwa kubwa na legevu, ili la ndani likipasuka nafaka isitawanyike. Walifanya kazi kwa wimbo mfupi wenye kituo, na kituo ndicho kilichokuwa wakati wa kuinua. Nilimuuliza mmoja wa wazee wao kama anawajua marubani. "Ndugu mwandishi, hao wa mbele siwajui. Mimi namjua yule wa nyuma, mwenye waya mrefu sikioni. Akinyoosha kidole hivi, mnatoa gunia mbili. Hachekeshwi."

Mara ya pili nimefika kwa laptopu. Programu yenye picha za setilaiti inaleta milima na mito mikavu kwa usahihi wa kushangaza. Kisha inaotesha nyumba zake yenyewe kila inapodhani pana makazi, na manyata za Waturkana zikawa nyumba za matofali zenye paa za vigae. Nimecheka peke yangu.

Kumwaga chakula ndiko kulikonivutia. Rubani halisi anashuka hadi mita mia mbili au tatu juu ya ardhi, anapunguza mwendo, anainua pua kidogo, na kamba ikikatwa magunia yanateleza kwa uzito wao wenyewe. Fikiria kinachotokea hapo: tani 16 zinatembea kuelekea mkiani, kitovu cha uzito kinarudi nyuma, pua inataka kupanda zaidi, rubani anaisukuma chini, sekunde chache baadaye mzigo umeondoka na ndege iliyokuwa nzito imekuwa nyepesi, bado na nguvu zilezile za injini. Inaruka juu. Mikono inalazimika kujibu mara mbili, kwa upande tofauti kila mara.

Katika programu nyingi za nyumbani unabonyeza kitufe na tani zote zinafutika kwa mkupuo, palepale zilipokuwa. Sehemu ya kwanza ya kazi, ile ya mzigo kutembea, haipo. Mpwa wangu hakukubali kushindwa. Amekaa siku kadhaa kwenye faili za ndege yake, ameligawa tumbo katika vituo sita, moja kwa kila paleti, na kuandika programu ndogo inayohamisha uzito kutoka kituo kimoja hadi kingine kabla ya kuutoa nje. Jaribio lake la kwanza liliinua pua mpaka ndege ikasimama angani, ikaanguka kwa mkia. Alinitumia video bila neno. Jaribio la baadaye lilifaulu, akaniletea ujumbe wa sauti anahema: "Mjomba, huyu mtu wa nyuma analipwa ngapi?"

Kwa msomaji anayetaka kuanza, ushauri wangu ni huu: acha C-17 kwanza, na Peter O. Knight pia. Chukua Hercules, weka tani 15, weka joto la nyuzi 36, ondoka Wajir saa saba mchana, uone inavyokula njia kabla ya kukubali kunyanyuka. Kisha rudi kwenye ubao wa mizigo, sogeza tani 3 tu kutoka mbele kwenda nyuma, urudie palepale, hali ya hewa ileile. Faili ya mpwa wangu yenye vituo sita bado ina hitilafu kwenye kituo cha nne. Akiirekebisha, amesema atampa yeyote anayeitaka, bure.